Namna ya kuzifungua dunia zote nane za New Super Mario Bros. kwenye Nintendo DS

Unaweza kumwangusha Bowser, adui mkuu wa Mario, ukamwokoa Binti Mfalme Peach, ukatazama majina ya watengenezaji yakipita kwenye skrini, na bado ikabaki robo ya gemu hujaiona. Dunia ni nane. Anayecheza kwa njia ya kawaida huingia sita tu: ya 1, ya 2, ya 3, ya 5, ya 6 na ya 8. Ya 4 na ya 7 zimefichwa, na ndani ya gemu hakuna anayekuambia mlango wake uko wapi. Nimekutana na wachezaji wazuri sana, wenye mikono myepesi kuliko yangu, ambao waliweka kadi ya gemu pembeni wakiamini wamemaliza. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayeanza leo.

Kwa asiyejua gemu hii imetoka wapi: Super Mario Bros. ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1985, Mario akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia na kuruka mashimo. Mfululizo huo uliendelea hadi Super Mario World ya 1990 na Super Mario Land 2 ya 1992. Kisha mwaka 1996 Super Mario 64 ikamwingiza Mario kwenye ulimwengu wa pande tatu, na ule mtindo wa zamani ukasimama bila gemu mpya kwa miaka mingi. Mwaka 2006 Nintendo wakaurudisha, na waliuleta kwanza kwenye mashine ya kushika mkononi badala ya ile ya kuunganisha na televisheni. Watu waliupokea kwa mikono miwili: nakala zaidi ya milioni 30 ziliuzwa.

Kwanza, pata mashine na kadi

Kadi ya gemu hii inachezeka kwenye DS ya kwanza, DS Lite, DSi, na pia kwenye familia nzima ya 3DS na 2DS. Haijafungwa kwa eneo, hivyo kadi ya Marekani au ya Ulaya itafanya kazi kwenye mashine ya Japani bila tatizo. Ukicheza kwenye 3DS picha hutanuliwa na kuwa na ukungu kidogo. Shikilia Start au Select wakati unaifungua gemu, nayo itaonekana kwa ukubwa wake halisi. Mimi huifanya hivyo kila mara, hata kama picha inakuwa ndogo.

Leo utanunua iliyotumika. Ukipewa DS Lite uishike, angalia mambo matatu kabla ya kutoa hela. Angalia bawaba upande wa kulia, kwani hapo ndipo inapopasuka zaidi. Bonyeza vitufe vya L na R mara nyingi, kwa kuwa ndivyo vinavyokufa mapema, na utavihitaji baadaye. Kisha gusa skrini ya chini kwenye pembe zote nne uone kama inasoma pale pale ulipogusa.

Chaja inastahili kutajwa peke yake. DS ya kwanza, DS Lite na DSi kila moja ina tundu lake tofauti. DSi na 3DS ndizo zinazotumia chaja moja. Ukiletewa mashine na ndugu aliyeko Marekani au Japani, usiichomeke chaja yake kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 kabla ya kusoma maandishi yaliyo juu yake. Iliyoandikwa volti 120 au 100 peke yake inaweza kuungua. Tafuta waya wa USB unaofaa mashine yako, utachaji hata kwa kompyuta.

Kadi za kughushi ni nyingi. Kwenye lebo ya kadi halisi utaona namba inayoanza na NTR, ikifuatiwa na A2D na herufi moja ya eneo: A2DE ni ya Marekani, A2DP ya Ulaya. Kadi yenye picha ya Mario lakini namba ya gemu nyingine iache hapo hapo. Ubaya wa kadi ya kughushi ni kwamba inaweza kupoteza ulichosevu, na kwa gemu ya kutafuta siri hilo ni pigo. Kadi halisi ya DS haitegemei betri ya ndani kuhifadhi, tofauti na kadi nyingi za Game Boy, kwa hiyo hata iliyonunuliwa 2006 bado inahifadhi vizuri.

Zoeza mikono katika dunia ya 1

A au B kuruka, X au Y kukimbia. Hayo unayajua. Yanayofuata hayakuwemo kwenye gemu ya 1985, na bila hayo utakwama.

Ruka mara tatu mfululizo huku unakimbia, ukibonyeza kila unapogusa ardhi: mruko wa tatu ni mrefu kuliko yote. Ruka ukiegemea ukuta, Mario ataanza kuteleza taratibu. Bonyeza tena naye atajirusha upande wa pili. Kuta mbili zinazotazamana zinakupandisha hadi juu kabisa. Na ukiwa hewani, bonyeza chini: Mario atajibwaga kwa kishindo. Jizoeze sana huko kujibwaga, kwa sababu ndiko kutakakofungua dunia ya 4.

Kisha kuna vitu vitatu vipya. Uyoga mkubwa humfanya Mario ajaze skrini nzima, naye huvunja mabomba na matofali kwa muda mfupi. Kadiri unavyobomoa ndivyo kipimo kinavyojaa na kukupa maisha ya ziada. Utaukuta mapema kabisa katika levo ya 1-1. Gamba la bluu humgeuza Mario kuwa kobe: akikimbia kwa kasi kamili hujifunga ndani na kuteleza kama gamba lililopigwa teke, na majini huogelea vizuri zaidi. Lina hatari yake pia, maana ukishateleza karibu na shimo huna breki.

La tatu ni uyoga mdogo wa bluu. Wengi huukwepa, na naelewa sababu: unakuwa kiumbe cha ukubwa wa kidole, ukiguswa mara moja umekufa, na ukiwarukia maadui wanakurusha tu bila kudhurika. Lakini Mario mdogo anaruka juu na kuelea, anakimbia juu ya maji bila kuzama, na anaingia kwenye mabomba membamba ambayo mwingine hapiti. Na akijibwaga, adui anakufa. Ruka, bonyeza chini. Ukiwa mdogo hiyo ndiyo silaha yako pekee. Rudia levo za dunia ya 1 ukiwa mdogo, ufe mara kadhaa, mpaka vidole vijibonyeze vyenyewe.

Sikiliza pia muziki. Kuna sauti za watu zinazoingia katikati ya wimbo, na baadhi ya maadui huruka au kusita kwa mdundo huo. Ukiisikia, hesabu nafasi yako upya, maana kobe uliyedhani atakuwa hapa anaweza kuwa amesimama kidogo.

Elewa namna inavyosevu, usije ukalia

Mpaka umalize gemu mara ya kwanza, huwezi kusevu utakapo. Gemu itakuuliza kama unataka kusevu baada ya kushinda mnara, ngome au nyumba ya mizimu, au unapolipa sarafu za nyota kufungua njia kwenye ramani. Maisha yakiisha kabla ya hapo, unarudi ulikosevu mara ya mwisho.

Kwa hiyo vibao vya kulipia vilivyoko kwenye ramani vichukulie kama sehemu za kusevia. Kila kibao kinataka sarafu tano za nyota. Kabla ya levo ngumu, weka sarafu tano akiba, na ukiona maisha yamebaki machache au taa ya betri imegeuka nyekundu, lipa kibao kilicho karibu na usevu. Umeme ukikatika na chaji iko chini, kufunga mfuniko wa mashine kutailaza pale pale ulipo, lakini kulala si kusevu. Chaji ikiisha, kila kitu tangu mara ya mwisho kimekwenda.

Kusanya sarafu za nyota bila kujiumiza

Kila levo ina sarafu tatu kubwa. Levo ziko 80, kwa hiyo jumla ni 240. Zinahesabika ukimaliza levo, si unapozigusa tu.

Ushauri wangu ni kupita kila levo mara mbili. Mara ya kwanza pita tu, ukitazama: bomba lisilo na kazi, ukuta wenye upenyo, sarafu za kawaida zilizopangwa kuelekea mahali pasipoonekana. Mara ya pili nenda moja kwa moja ulikoshuku. Ukitafuta kila kitu mara ya kwanza, muda utakuishia na hasira itakupanda. Levo uliyokwisha kuishinda unaweza kutoka katikati yake kwa kusimamisha gemu, kwa hiyo hakuna hasara ya kuingia kuchungulia.

Jambo lingine la kusaidia: unapoishika bendera ya mwisho, tazama tarakimu mbili za mwisho za saa. Zikiwa zinafanana, mfano 55, kuna nyumba ya Toad, yule mhusika mwenye kichwa cha uyoga, itakayotokea kwenye ramani. Nyumba nyekundu hukupa kitu cha kutumia, ya kijani hukupa maisha. Simama karibu na bendera, subiri saa ifike, kisha ruka. Hili linahitaji subira kuliko ustadi, na hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza akishaonyeshwa.

Mlango wa dunia ya 4

Hapa ndipo penyewe. Dunia ya 2 ni jangwa, na mwisho wake kuna ngome ya Mummipokey, jitu la mchangani lililofungwa sanda. Ukimshinda ukiwa Mario wa kawaida, njia ya dunia ya 3 inafunguka na gemu inaendelea kana kwamba hakuna kingine. Ukimshinda ukiwa Mario mdogo, inafunguka ya 4.

Kazi ni kufika mbele yake ukiwa na uyoga wa bluu. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuingia ngomeni ukiwa mdogo tangu mlangoni na kupita kila kitu bila kuguswa. Inawezekana, na ina raha yake, lakini kwa anayeanza siipendekezi.

Ya pili ni akiba. Kwenye skrini ya chini kuna kisanduku kimoja kinachobeba kitu kimoja cha ziada. Ukikigusa, kitu kinadondoka kutoka juu uchukue. Unachotaka ni uyoga wa bluu ukae humo huku wewe mwenyewe ukiwa mkubwa na mwenye uwezo wa kuvumilia pigo. Vitu usivyovihitaji kwa wakati ule ndivyo vinavyoingia kisandukuni: ukiwa tayari mdogo ukaokota uyoga wa bluu mwingine, huo wa pili unahifadhiwa. Levo uliyokwisha kupita inarudisha vitu vyake ukiingia tena, kwa hiyo ukishajua levo moja inayotoa uyoga huo, irudie mpaka kisanduku kiwe na unachotaka. Kila baada ya kuokota kitu, tupa jicho chini kuhakikisha akiba yako haijabadilishwa na ua la moto (linalompa Mario mipira ya moto ya kurusha) au uyoga wa kawaida. Hapo ndipo wengi wanapoipoteza, na wanakuja kugundua wakiwa tayari mbele ya bosi, yaani adui mkuu wa ngome.

Ukiwa na uyoga kwenye kisanduku, pita ngome taratibu. Usigombane na kila adui. Fika kwenye mlango wa bosi, vuta pumzi, gusa kisanduku, chukua uyoga, ingia.

Sasa pigano. Mummipokey huzama na kuchomoza kutoka mchangani. Usimkimbilie. Simama katikati ya chumba ili uwe na nafasi ya kukwepa pande zote mbili, na mtazame anatokea wapi. Akishachomoza, ruka, Mario mdogo anaruka juu sana, kwa hiyo urefu hautakuwa tatizo. Ukiwa juu ya kichwa chake, bonyeza chini. Ukisahau kubonyeza utamdunda tu bila kumfanya lolote, na ukianguka vibaya atakugusa na umekwisha. Mpige, jitenge mbali, ngoja azame na kutokea tena. Mapigo matatu ya namna hiyo yanatosha. Mwenye haraka hufa kwenye la pili kwa sababu anadhani ameshamzoea.

Ukiwa ulishapita ngome hii zamani kwa njia ya kawaida, huna haja ya kuanza gemu upya. Rudi dunia ya 2, ingia ngome ile ile na umpige tena ukiwa mdogo. Na ukianza na dunia ya 4, fanya kinyume chake: rudi ukamshinde ukiwa mkubwa, upate ya 3. Zote mbili zinakupeleka ya 5.

Dunia ya 4 yenyewe ni msitu wenye vinamasi vya sumu ya zambarau. Kwenye sumu hakuna kuogelea, ukigusa umekufa. Ngome yake ina Goomba (adui mwenye umbo la uyoga) mkubwa mno, na namna ya kumshinda ni kupata mahali pa juu na kumwangukia kichwani.

Mlango wa dunia ya 7

Kanuni ni ile ile, mahali ni ngome ya dunia ya 5, ile ya barafu. Bosi ni Petey Piranha, ua lenye meno linaloruka. Fika na uyoga wa bluu kwenye kisanduku kama ulivyofanya jangwani.

Petey ni mwepesi zaidi kumsoma. Huruka juu, kisha hujirusha kukukanyaga au kukugonga. Akikukosa huanguka na kulala chali, tumbo wazi, kwa muda mfupi. Hapo ndipo pa kuruka na kujibwaga juu ya tumbo lake. Usimfuate akiwa hewani. Mvutie aje kwako, mkwepe, kisha mgeukie. Mchezaji aliyepita mafunzo ya Mummipokey atamshinda huyu bila jasho jingi.

Ukishinda ukiwa mdogo utaingia dunia ya 7, ya mawinguni; ukishinda ukiwa wa kawaida ni ya 6, milimani. Zote zinaishia ya 8. Mizinga utakayoikuta kwenye baadhi ya ramani inakurusha mbele upite dunia kadhaa, lakini kama nia yako ni kuona kila kitu, iache mpaka mwisho.

Bowser

Katika ngome ya dunia ya 1 ulimwangusha Bowser kwenye lava kwa kubonyeza swichi iliyo nyuma yake, daraja likakatika. Mipira ya moto ya ua nayo inamuua pale. Katika dunia ya 8 utamkuta akiwa mifupa mitupu, na moto haumfanyi kitu tena. Usipoteze muda kurusha. Subiri arushe mifupa yake, pita chini anaporuka, kimbilia swichi. Baada yake kuna nusu nyingine ya dunia, na ngome ya mwisho ambamo mwanawe Bowser Jr. anamfufua akiwa mkubwa kuliko mwanzo. Wawili hao wanapigana nawe kwa pamoja. Mtoto anarusha magamba, baba anatema moto, na swichi bado iko nyuma yake. Ingia na kitu cha akiba kisandukuni, chochote kile.

Ukishamaliza

Sasa unaweza kusevu popote, na hapo ndipo kutafuta sarafu zilizobaki kunapokuwa raha. Kwenye orodha ya faili, shikilia L na R pamoja kisha bonyeza A kwenye faili lako: utacheza kama Luigi, ndugu yake Mario. Ukiwa kwenye ramani, simamisha gemu na ubonyeze L, R, L, R, X, X, Y, Y. Skrini haitarudi nyuma tena, kama ilivyokuwa 1985. Ukiacha sarafu nyuma imekwenda.

Kama una mdogo wako nyumbani na mashine ya pili, kadi moja inawatosha. Fungua Mario vs. Luigi, mwambie achague Download Play kwenye mashine yake, na gemu itamfikia kwa hewa bila intaneti. Kuna viwanja vitano, na mnagombania nyota: ukimkanyaga mwenzako, zake zinadondoka. Mpe kiwanja cha barafu akishazoea, si kabla.

Sarafu za nyota zitakazobaki baada ya vibao vyote, zipeleke kwenye nyumba ya Toad ya dunia ya 1. Kila sarafu 20 zinakununulia picha mpya ya mandhari ya skrini ya chini.